Mpishi wa Daftari la Sita

Kitale,
14 Januari 2024

Babu, shikamoo.

Naomba waraka huu uwakute wazima hapo Ganda, wewe na bibi, wajina wangu. Huku baridi ni ya kuvaa sweta mbili. Bado niko ghalani, kwenye mizani, napima magunia ya mahindi tangu asubuhi hadi jioni. Baba alinipigia simu akaniambia goti la bibi limepata nafuu, na kwamba umegombana tena na mzee wa kanisa kwa sababu ya tangazo alilolibandika mlangoni likiwa na makosa manne. Nikajua u mzima kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Babu, naandika kitabu. Si cha mashairi wala cha maadili. Ni riwaya. Kahaso, msichana wa siku hizi anayekaa Kisumu Ndogo, hapo Malindi, na kukaanga viazi karai, anaingia ndani ya tangi la maji la plastiki ili alisugue. Anapochungulia nje, anajikuta ametokea ndani ya pipa la maji, kwenye merikebu ya maharamia, miaka mia tatu iliyopita. Nahodha wa maharamia hao anaitwa Jimmy.

Najua uso unaoukunja sasa hivi. Endelea kusoma.

Mchapishaji mmoja wa Nairobi amekubali kuusoma mswada wangu ukimfikia kabla ya mwisho wa Agosti, ila ameonya kwamba mswada wenye makosa ya lugha hausomi. Sina wa kunisafishia lugha ila wewe. Naandika kwa mkono kwenye madaftari, nikitoka kazini. Sina nakala nyingine, kwa hiyo yatunze. Ukishasahihisha, nitayapeleka yakapigwe chapa. Nimekutumia matatu ya kwanza kwa basi.

Sikukupigia simu kwa sababu ni wewe uliyesema kwamba simu ni ya kuulizia mvua.

Mkeo mdogo,
Kadzo

*

Ganda,
3 Februari 2024

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba. Madaftari matatu yalifika Malindi siku ya Ijumaa, nikayafuata mwenyewe. Sisi hatujambo. Nyani wameshuka kutoka upande wa Kakuyuni wakang'oa mihogo safu mbili. Goti la bibi yako limepoa. Ulimi wake haujapoa.

Kwanza, usitie sahihi ya "mkeo mdogo". Najua mila inamruhusu mjukuu aliyebeba jina la bibi yake kumtania babu. Mila haikutaja maandishi. Nilipomsomea bibi yako alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Mwambie mke mwenzangu kama ni mke kweli aje achote maji, mtungi mtupu huu!" Mimi sikucheka.

Pili, nimesoma, na nimeshtuka. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Nimesoma insha za watoto waliosema wameona majini sokoni. Lakini sijapata kusoma habari ya mtu anayeingia tangi la plastiki hapa Malindi akatokea kwenye pipa, tena bila hata kulowa nywele. Kama ametoka kwenye pipa la maji, Kadzo, amelowa. Halafu haramia aitwaye Jimmy! Jimmy ninayemjua mimi huuza vocha pale njia panda ya Ganda. Na jambo linalonishangaza kupita yote ni wewe kuandika habari za bahari. Sisi ni watu wa mihogo na mahindi. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyepata kukaa melini.

Lugha nimeisahihisha kwa wino mwekundu, kama ujuavyo. Sura ya tatu imebaki na sentensi chache nyeusi.

Yako pia makosa ya mambo. Umeandika kwamba jikoni mwa merikebu sufuria "ziliwekwa mekoni". Zikiwekwa tu zitaruka. Sufuria hufungwa kwa minyororo au huzungushiwa vyuma. Mpishi hupika miguu ikiwa imepanuka, naye humwaga maji ya vyombo upande ule ambao upepo unakwenda, maana akimwaga upande upepo unakotoka yatamrudia usoni na mabaharia watamcheka mwezi mzima. Na mtu anayetapika kwa sababu ya mawimbi hapewi uji. Hupewa mkate mkavu. Rekebisha.

Babu yako,
Mangi wa Gona

*

Kitale,
10 Machi 2024

Babu mpendwa, shikamoo, na bibi pia.

Huku tunamshukuru Mungu. Mama mwenye nyumba wangu, Jedida, alivunjika kidole cha mguu akimfukuza kuku. Mutuku, mwenzangu wa ghalani, alisikia kwamba naandika habari za maharamia, na sasa kila lori likiingia ananipigia kelele: "Nahodha! Tupa nanga, mahindi yamefika!"

Madaftari yamerudi. Nilipoufungua ukurasa wa kwanza nilidhani umechinjia kuku juu yake. Niliyafunga nikakaa siku mbili bila kuyagusa, kisha nikayafungua tena. Nimerekebisha yote. Kahaso sasa analowa.

Ila, Babu, yale ya jikoni umeyapata wapi? Mimi nimewauliza watu watatu na kusoma nilichoweza kusoma, wala hakuna aliyeniambia habari ya minyororo na mkate mkavu. Wewe hata tukivuka daraja la Kilifi kwa basi hufumba macho mpaka tufike ng'ambo. Nani alikufundisha upande wa kumwagia maji ya vyombo?

Nakutumia la nne, la tano na la sita. Katika la sita nimemwingiza mtu wa kwetu melini, kwa sababu Kahaso alihitaji mwenyeji mmoja wa kumwonea huruma. Nadhani utampenda. Ni mpishi. Mwishoni anatoswa baharini, na ndiyo sura niliyoiandika nikilia.

Wako,
Kadzo (bila utani, kama ulivyoagiza)

*

Ganda,
9 Aprili 2024

Kadzo,

Tu wazima. Mvua bado.

Nakurudishia daftari la nne na la tano. La sita limebaki kwangu.

Mpishi yule aondoke. Mtafutie Kahaso mwenyeji mwingine, baharia, seremala, yeyote. Jina lile lisiwemo kitabuni, kazi ile asipewe, na sura anayotoswa usiiandike upya kwa namna yoyote. Ukiniletea barua ya kunihakikishia hivyo, nitakurudishia daftari.

Nani aliyekuambia? Baba yako hajui. Nataka jina.

Mangi wa Gona

*

Kitale,
28 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Najua salamu hutangulia, nami nimezitanguliza. Hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara sita nikiwa nimesimama. Hujawahi kuniandikia mistari michache namna hiyo. Umelizuia daftari langu! Daftari lile ni mwezi mzima wa maisha yangu, wala halina pacha. Kitabu bila lile hakisimami, kwa sababu kila kinachofuata kinatoka kwa mpishi.

Hakuna aliyeniambia lolote. Nilihesabu tu, kwa kanuni uliyonifundisha mwenyewe nikiwa darasa la nne, nikikuchambulia kunde. Kwetu jina halifi. Mwana wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Wa pili huchukua la ndugu ya babu. Baba yangu ni Gona kwa kuwa baba yako alikuwa Gona. Kaka yangu mkubwa ni Mangi kwa ajili yako. Nilitaka kujua mtu wa ukoo wetu aliyeishi miaka mia tatu iliyopita angeitwaje, nikashika majina nikarudi nyuma. Baba yako Gona alizaliwa na Randu. Huyo Randu alizaliwa na Gona. Gona naye na Randu, na kadhalika, mpaka nikafika. Nikapata Randu wa Gona. Kazi ya upishi nilimpa kwa sababu mtu wa shamba akitupwa melini, asiyejua kamba wala tanga, atapelekwa wapi kama si jikoni?

Basi hayo ndiyo yote. Lakini baada ya barua yako nilihesabu tena, safari hii nikija mbele.

Baba yako alikuwa Gona wa Randu. Mwanawe wa kwanza alipaswa kuitwa Randu. Wewe unaitwa Mangi, nalo ni jina la mwana wa pili. Na nyumbani kwetu, kaka yangu wa pili alipaswa kubeba jina la ndugu yako. Anaitwa Kitsao, jina lisilotoka popote. Nilimpigia baba kumwuliza. Akasema, "Babu yako ndiye alikataa jina lililostahili. Sikuuliza. Wewe ungemwuliza?"

Mara mbili jina lilipaswa kurudi, na mara mbili limeruka. Ni nani aliyekutangulia, Babu?

Nisamehe kwa kuuliza. Lakini nirudishie daftari.

Kadzo

*

Kitale,
2 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Wiki tano bila neno. Mabasi manne kutoka Malindi nimeyafuata stendi, yote hayakuwa na kitu changu.

Sijambo. Nimeandika daftari la saba na la nane bila kuona la sita, kama mtu anayejenga paa huku ukuta mmoja umefichwa na jirani. Mpishi sijamtoa. Nimejaribu kumpa jina jingine na kazi ya useremala. Anakufa ukurasani kabla hajatoswa.

Kadzo

*

Kitale,
21 Julai 2024

Babu,

Shikamoo, na samahani kwa nitakayosema.

Jana bibi alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema wewe ulikuwa umekwenda Malindi kununua wino. Sikumwuliza kitu, alianza mwenyewe.

"Mke mwenzangu, huyu mume wetu hali vizuri," alisema. "Anakaa na daftari lako mapajani kama kuku anayeatamia. Hasomi, haandiki."

Nikamwambia, "Bibi, anataka nimtoe mpishi."

Akasema, "Usimtoe. Muulize habari ya barua aliyoipa alama."

"Alama gani, bibi?"

"Saba kwa ishirini," akasema. "Muulize. Mimi nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja, nilikuwa nimeshika taa ya chemli nikiisafisha kioo, nikamwona. Nikamwambia, Mwalimu, hata barua ya ndugu yako? Hakunijibu mpaka leo. Basi, vocha ya watu itaisha."

Babu, nimekaa na maneno hayo tangu jana. Sitaki kuamini ninachokidhani.

Ukiniambia kwamba nimekosea, nitamtoa mpishi siku hiyohiyo.

Kadzo

*

Ganda,
11 Agosti 2024

Mjukuu wangu Kadzo,

Nakusalimu, na bibi yako anakusalimu. Mvua ilinyesha Jumatano, mahindi yamesimama. Nyani tumewawekea mbwa. Kaka yako Kitsao alitutembelea na mkewe, Fridah, tukala vizuri. Nilimtazama sana Kitsao alipokuwa akila.

Hukukosea.

Nilikuwa na kaka. Alikuwa Randu wa Gona, amenizidi miaka mitano. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu, kwa sababu karo ya wawili haikuwepo na baba aliona kichwa changu ndicho chepesi. Yeye alilima ili mimi nisome. Mwaka wa 1968 alichoka, akaenda Mombasa bila kuaga, akapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo. Baba alikasirika, akasema asitajwe tena. Nilipokuandikia kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyepata kukaa melini, nilikudanganya. Yale yote ya minyororo, ya mkate mkavu na ya maji ya vyombo ni yake. Aliniandikia barua mbili akinieleza maisha yake, nami ninazo hadi leo. Sijui kama unaweza kufikiri nilivyokuwa nilipofungua daftari lako, nikamkuta Randu wa Gona jikoni, amepanua miguu, akimpa msichana mkate mkavu. Nilishtuka hadi miwani ikaniponyoka. Nilidhani mtu amefukua sanduku langu.

Barua ya tatu ilikuja Februari mwaka wa 1971. Sinayo. Niliirudisha. Lakini naijua kwa moyo, nami nitakuandikia kama alivyoiandika, bila kuongeza nukta:

"Mangi ndugu yangu msomee baba barua hii. Nimechoka na maji. Baba kama umenisamehe nataka kurudi nilime na wewe shamba la chini. Meli itakuwa Mombasa mpaka mwisho wa mwezi. Mangi niandikie hapa kwa wakala jibu la baba. Nisipopata jibu nitajua amekataa na sitawasumbua tena."

Nilikuwa mwalimu mpya, Kadzo, nina miaka ishirini na mitano, nimetoka chuoni na cheti na kalamu ya wino mwekundu. Niliona aibu kwa mwandiko ule. Niliona aibu kumsomea baba maneno yasiyokuwa na mikato. Nikaisahihisha barua yote kwa wino mwekundu, kila mstari, nikaandika chini: Saba kwa ishirini, andika upya. Niliona kwamba nafanya wema. Nilitaka aiandike vizuri, nimsomee baba barua inayomstahili. Bibi yako aliniuliza lile alilokuambia. Nikaitia bahasha, nikaipeleka posta.

Mwezi ukaisha. Barua ile yenye wino ndiyo iliyokuwa jibu pekee alilolipata.

Baba alianza kulainika mwaka uliofuata. Kila nikirudi kutoka shuleni aliniuliza, "Randu hajaandika?" Nami nikamjibu, "Bado." Nilimjibu hivyo miaka tisa, mpaka siku tuliyomzika. Wala si kwa ukatili. Kila mara nilidhani kwamba nitasema kesho. Kuhusu Randu mwenyewe, sikupata habari ya kifo wala ya uhai. Jina lake nililikataza kwa kaka yako kwa sababu sikuweza kuliita kila siku kwenye ua wangu.

Sasa umejua. Mwambie baba yako, au nisubiri nimwambie mimi. Napenda nimwambie mimi.

Nakurudishia daftari la sita. Lifungue bila hofu. Makosa yamo, nimeyaona, ni kumi na tisa. Sikuyatia wino. Yule wa Nairobi anaye mhariri. Mwache afanye kazi yake. Nimelisoma kama mtu anavyosoma, na niliposoma anavyomfunika msichana gunia lake wakati wa baridi, nililia. Ndiye yeye. Hukumjua, na bado ndiye.

Usimtoe. Jina lake libaki, na kazi yake ibaki. Wala sikuombi umwokoe asitoswe. Sijui lililompata, na sitaki kudanganywa hata na kitabu. Naomba jambo moja. Merikebu yako inavuka miaka. Msichana wako anaingia tangini na kutoka atakapo. Basi safari moja aende na karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, amkabidhi jikoni kabla ya sura ile. Kama hajui kusoma vizuri, amsomee polepole.

Bibi yako anauliza kama mke mwenzie atakuja Desemba. Nami nauliza, mke wangu mdogo.

Babu yako,
Mangi

*

Ganda, kwa Randu wa Gona, jikoni

Kaka yangu Randu, shikamoo.

Nimepata barua yako ya Februari. Nisamehe kwa kuchelewa kuijibu. Sisi wazima. Nilioa, mke wangu anakusalimu, alikutetea siku ya kwanza. Mwanangu ni Gona. Shamba la chini lipo, hakuna aliyelilima kama wewe, na ile minazi mitatu ya mpakani bado inazaa.

Uliuliza jibu la baba. Baba amekusamehe. Amekuwa akikuulizia kila siku, na aliyenyamaza ni mimi.

Barua yako ilikuwa nzuri. Nilielewa kila neno tangu siku ile ya kwanza.

Rudi nyumbani.

Mdogo wako,
Mangi